Mtoto wa Askari na Dhima ya Dola

Suala ninalokusudia kulichambua ni hili: mtu akiitumikia dola kwa silaha, na katika utumishi huo akakutana na sumu ambayo hakuichagua wala hakuijua, kisha akarudi nyumbani akapata mtoto aliyezaliwa na ulemavu, je, dola ina dhima gani kwa mtoto yule? Kwa askari mwenyewe jawabu limekwisha kuwa jepesi, maana karibu kila nchi inakubali kwamba aliyepoteza mguu vitani anastahili malipo. Lakini mtoto hakuandikishwa jeshini, hakula kiapo, hakupokea mshahara, na jina lake halimo katika daftari la kikosi chochote. Ameingia katika hesabu ya vita kwa njia ya uzazi tu, na kwa sababu hiyo sheria za kale, zilizozoea kulipa jeraha linaloonekana juu ya mtu anayejulikana, hazikuwa na mlango wa kumpitisha.

Naliandika jambo hili Siakago, katika nchi ya Wambeere, upande wa chini wa Embu, ambako mvua ni haba na watu huishi kwa mtama, pojo, mbuzi na muguka. Nchi hizi za Embu na Meru zimetoa askari wa kila namna: waliochukuliwa katika King's African Rifles, ambayo wazee waliiita Keya, wakapigana vita vikuu vya pili katika nchi za ng'ambo, walioingia katika misitu ya Mlima Kenya wakati wa Mau Mau, na waliojiunga na majeshi ya Kenya huru, ambayo Oktoba 2011 yalivuka mpaka kuingia Somalia. Walakini mtoto anapozaliwa hapa na mgongo wazi, au na kichwa kikubwa kilichojaa maji, maneno ya kwanza aghalabu humwelekea mama: kwamba alivunja mwiko, kwamba amelaaniwa, kwamba ukoo aliotoka una kasoro. Ni nadra mtu kuuliza baba alifanya kazi gani, alinyunyiza nini, alilala wapi, alikunywa maji ya mto gani. Basi kabla ya kuzungumza juu ya malipo yatupasa tuzungumze juu ya sababu, kwa maana dhuluma ya kwanza anayotendewa mtoto huyu na mama yake ni ya kupewa sababu ya uongo.

Uti wa mgongo na ubongo wa mwanadamu huanza kama mfereji mdogo ambao, katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, hujikunja na kufunga kingo zake kwa urefu wote. Ukikosa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Na kwa kuwa maji ya ubongo aghalabu hukosa njia ya kushuka, kichwa nacho huvimba, miguu hulegea, na mkojo na choo hukosa mwenye kuvizuia. Kufunga au kutofunga kwa mfereji huo hukamilika kabla wanawake wengi hawajatambua kwamba wamebeba mimba. Sababu zake ni nyingi na huweza kuungana. Ukosefu wa vitamini iitwayo asidi ya foliki ni mojawapo, na ndiyo maana tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawalazimisha wenye viwanda kuitia katika unga wa ngano na wa mahindi. Lakini mkazi wa kijijini anayesagiwa mahindi yake katika posho mill iliyo jirani naye haipati baraka hiyo. Kisukari cha mama ni sababu nyingine, na baadhi ya dawa za kifafa kadhalika. Kuvu wa mahindi nao wamo katika orodha: mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye mpaka wa Texas na Mexico, watoto wa namna hii walizidi kwa ghafla, na wachunguzi waliofuatilia wakaona uhusiano na sumu ya kuvu iitwayo fumonisini katika mahindi waliyokula mama zao. Sisi wa mashariki mwa Kenya tunajua vyema mahindi yaliyooza yanaweza nini, kwa kuwa mwaka 2004 sumu ya jamii nyingine ya kuvu, aflatoksini, iliwashika watu 317 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, na 125 wakafa. Na mwisho ziko kemikali za viwandani, za mashambani na za vitani.

Nimeyapanga haya yote kwa makusudi, ili ionekane kwamba hakuna tabibu, hata awe bingwa kiasi gani, anayeweza kumtazama mtoto mmoja aliyelala mbele yake na kusema kwa yakini, huyu ameumizwa na sumu aliyoivuta baba yake, na yule ameumizwa na upungufu wa chakula. Elimu ya tiba huweza kusema juu ya kundi: kwamba katika watoto elfu kumi wa wazazi walioguswa na sumu fulani, walemavu wamezidi idadi iliyotazamiwa. Mahakama, kwa upande wake, hutaka habari za mtu mmoja: mdai huyu, kosa hili, dhara lile. Katika ufa uliopo baina ya yakini ya kundi na yakini ya mtu mmoja ndimo watoto wa askari walimodidimia kwa muda mrefu, na historia ya sheria za malipo yao ni historia ya jitihada za kuuziba ufa huo.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote unatoka Vietnam. Baina ya mwaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kupukutisha majani juu ya misitu na mashamba ya nchi ile, ili adui akose maficho na chakula. Dawa iliyotumiwa kwa wingi kupita nyingine iliitwa Agent Orange, mchanganyiko wa 2,4-D na 2,4,5-T, na hiyo ya pili, katika kutengenezwa kwake, huchafuka kwa dioksini iitwayo TCDD, sumu ikaayo katika mafuta ya mwili wa mwanadamu kwa miaka mingi, na ambayo mwaka 1997 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliiweka katika daraja la vitu vinavyoileta saratani pasipo shaka. Askari wa Marekani walirudi makwao wakaugua, na baadhi yao wakazaa watoto wenye ulemavu. Walipokwenda mahakamani walitakiwa ithibati ambayo, kama nilivyokwisha kueleza, haipatikani juu ya mtu mmoja mmoja. Hata mwaka 1984 viwanda vilivyotengeneza dawa vikakubali kutoa dola milioni 180 nje ya hukumu, pasipo kukiri kosa, na fungu hilo lilipogawanywa kwa maelfu ya waliodai, likamfikia kila mmoja likiwa dogo mno.

Njia ya kutokea ilipatikana bungeni. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilitunga Sheria ya Agent Orange, ambayo iliweka kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba askari yeyote aliyekanyaga ardhi ya Vietnam katika miaka ya vita atahesabiwa kuwa aliguswa na sumu, bila ya kutakiwa kuonyesha siku, pipa au ndege. Ya pili ni kwamba jopo la wataalamu wa akademia ya sayansi ya taifa litapitia uchunguzi wote wa dunia kila baada ya muda, na kueleza ugonjwa upi una ushahidi wa kutosha, upi una ushahidi wa kiasi, na upi hauna. Mwaka 1996 jopo lile lilitamka kwamba upo ushahidi, ingawa wa kiasi, unaoihusisha sumu iliyowagusa akina baba na mgongo wazi wa watoto wao; na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ambayo, kuanzia tarehe 1 Oktoba 1997, ilimpa mtoto wa namna hiyo posho ya kila mwezi kwa madaraja matatu kulingana na uzito wa ulemavu, matibabu, na mafunzo ya kazi. Sheria ile haikujali umri wa mtoto wala kama ameoa au ameolewa, kwa maana anayezaliwa na mgongo wazi haachi kuwa nao afikapo utu uzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ile kumlipa mtoto kwa dhara lililotokana na utumishi wa mzazi wake.

Hatua ya pili, iliyoidhinishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika Desemba 2001, ilikuwa pana zaidi na, kwa maoni yangu, yenye insafu zaidi. Iliwahusu watoto wa wanawake waliotumikia Vietnam, wengi wao wakiwa wauguzi. Kwa watoto hao orodha ya maradhi ilirefushwa ikachukua midomo iliyopasuka, maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo, miguu iliyopinda na mengine mengi. Na jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba sheria haikuitaja sumu yoyote kuwa sharti. Ilitosha kwamba mama alikuwako Vietnam, mtoto akatungwa baada ya hapo, na ulemavu wake haukuthibitika kuwa ni wa kurithi katika ukoo wala wa kuumizwa wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2003 haki ya watoto wenye mgongo wazi ilipelekwa kwa wazao wa askari waliolinda mpaka wa Korea, na mwaka 2020 ikawafikia wa askari waliokaa katika baadhi ya kambi za Thailand. Hivyo basi mlango ulifunguliwa kidogo kidogo, kila mara kwa hoja ile ile, kwamba mahali na wakati vyatosha kusimama badala ya ithibati.

Kasoro hazikukosekana. Baba aliyezaa mtoto mwenye moyo mbovu hakupata kitu, ilhali mama mwenye mtoto wa namna hiyo alipata. Na ule mgongo wazi uliofichika chini ya ngozi ukaachwa nje kabisa. Tena mwaka 2016 jopo la wataalamu, baada ya kupima upya uchunguzi uliokusanyika, liliushusha mgongo wazi kutoka daraja la ushahidi wa kiasi na kuuweka katika daraja la ushahidi usiotosha. Watu wengine watasema kwamba hapo ndipo ilipodhihirika kuwa sheria ya 1996 ilijengwa juu ya mchanga. Mimi naona kinyume chake. Posho haikufutwa kwa sababu hiyo, wala haikupasa kufutwa, kwa maana sheria ile haikuwa imeahidi kumlipa mtoto kwa sharti la yakini. Ilikuwa imeamua ni nani atakayeubeba mzigo wa shaka. Sayansi hupanda na kushuka kadiri hesabu zinavyoongezeka, na huo ndio uaminifu wake. Sheria ina kazi nyingine, nayo ni kuamua kati ya wawili wasiojua, mmoja aliyetuma na mwingine aliyezaliwa, ni yupi anayestahili kuumia kwa kutojua huko.

Nchi nyingine zilizopeleka askari katika vita vile zilifuata njia iliyokaribiana na hiyo: Korea Kusini inawatambua wazao wa askari wake kwa maradhi machache yaliyotajwa katika sheria, mgongo wazi ukiwamo, na New Zealand, kwa mapatano ya mwaka 2006 baina ya serikali na askari wake wa Vietnam, ilikubali kuwaangalia na watoto. Vietnam yenyewe, ambayo ardhi yake ndiyo iliyonyweshwa sumu, tangu mwaka 2000 huwapa posho watu waliopigana upande wake na watoto wao waliodhurika. Lakini Wavietnam walipoyashtaki makampuni ya kemikali huko New York, mwaka 2005 jaji Jack Weinstein aliitupa kesi yao. Marekani imetoa fedha za kusafisha udongo wa uwanja wa ndege wa Da Nang, kazi iliyokwisha mwaka 2018, na kuanzisha nyingine kubwa zaidi Bien Hoa. Imetoa pia fedha za kuwahudumia walemavu katika mikoa iliyonyunyiziwa sana, kwa sharti kwamba huduma hizo hutolewa pasipo kuuliza chanzo cha ulemavu. Basi serikali moja ina mizani mbili: kwa mtoto wa askari wake hudhania sababu na kumpa haki, kwa mtoto wa mwenyeji wa nchi iliyoumizwa hunyamaza juu ya sababu na kumpa msaada. Tofauti baina ya haki na msaada ni kubwa, kwa kuwa mwenye haki huweza kudai siku fedha zikikoma, na mwenye kusaidiwa hubaki kungoja huruma.

Habari hizi haziko mbali nasi kama zinavyoelekea kuwa. Kabla ya Wamarekani kupukutisha misitu ya Vietnam, Waingereza walikuwa wamekwisha kuijaribu elimu hiyo katika makoloni yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 dawa za kuua vichaka, 2,4,5-T ikiwa miongoni mwao, zilijaribiwa Tanganyika na Kenya kwa nia ya kumnyima mbung'o kivuli chake. Mwaka 1952, katika vita vya Malaya, Waingereza walinyunyiza dawa za namna hiyo kandokando ya barabara ambako waasi waliweza kujificha. Katika vita hivyo hivyo, na katika miaka hiyo hiyo, vikosi vya King's African Rifles vilikuwa Malaya, kikiwamo Kikosi cha Tatu, kikosi cha Kenya, kilichofika huko mwaka 1952. Simtaji askari yeyote kuwa alidhurika, wala mtoto yeyote kuwa alizaliwa na ulemavu kwa ajili hiyo. Ninachokisema ni kwamba askari wa Kiafrika walipelekwa na dola katika vita ambamo dawa hizo zilitumika, kisha wakarudishwa katika vijiji vyao kwa malipo yaliyo madogo kuliko ya wenzao weupe, pasipo mpango wowote wa kuwafuatilia wao wala wazao wao. Askari wa Marekani alipewa dhana ya kisheria iliyomlinda. Wa Keya hakupewa hata swali.

Kwamba kumbukumbu ndiyo roho ya madai ya namna hii, watu wa Mlima Kenya walijifunza kwa uchungu. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini, mwaka 2011 serikali ile ilikiri kwamba ilikuwa imeyahifadhi mahali paitwapo Hanslope Park maelfu ya majalada ya makoloni yaliyohamishwa kwa siri wakati wa uhuru. Mpaka siku hiyo wazee wale walikuwa kama mdai anayeambiwa alete shahidi, hali shahidi amefungiwa katika nyumba ya mdaiwa. Majalada yalipofunguliwa kesi ilipata nguvu, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Lakini kundi jingine, la wadai elfu arobaini, lilipofuata na madai yake, lilishindwa mwaka 2018 kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Humo tunapata mafunzo mawili yanayomhusu mtoto wa askari: kwamba mwenye kushika daftari ndiye mwenye kushika ushahidi, na kwamba sheria za ukomo wa muda humpendelea aliyeficha kuliko aliyefichwa.

Yako na mambo ya karibu zaidi. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ililipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya Wasamburu na Wamasai 200 waliouawa jamaa zao au kujeruhiwa na makombora yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya askari wake. Machi 2021 moto uliozuka katika mazoezi ya askari hao huko Lolldaiga, Laikipia, uliunguza maelfu ya ekari, na wakazi wakalalamika juu ya moshi na sumu. Mwaka 2025 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa wadai 7,723, kiasi ambacho kila mtu aweza kukigawanya mwenyewe akaona kinamfikia mtu mmoja kwa kadiri gani. Na katika Owino Uhuru, Mombasa, mtaa wa watu wapatao 3,000 uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mahakama ya mazingira mwaka 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Risasi hupita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo kesi ile, ijapokuwa haikuwahusu askari, imekuwa kielelezo kwamba taasisi za serikali ya Kenya zaweza kuwajibishwa kwa sumu zilizoruhusu kwa uzembe. Imeonyesha vilevile kwamba mtoto akitegemea mahakama peke yake, atakuwa amekwisha kukua kabla hukumu haijatulia.

Tuitazame sasa sheria yetu wenyewe. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuilinda haki hiyo bila ya kulazimika kuonyesha kwamba yupo aliyekwisha kuumia. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwape hifadhi wasioweza kujikimu. Cha 53 kinataja haki za mtoto, na cha 54 haki za walemavu. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo kwa mara ya kwanza iliwakusanya chini ya sheria moja wastaafu wa jeshi na wategemezi wao. Ni hatua ya kushukuriwa. Hata hivyo sheria hiyo imejengwa juu ya utumishi na utegemezi. Haina orodha ya maradhi ya uzao yatakayodhaniwa kuwa yametokana na mahali alipotumikia mzazi. Mtoto wa askari aliye na mgongo wazi huhesabiwa humo kama mtoto mwingine yeyote wa mstaafu, na akitaka zaidi ya hapo itambidi arudi katika sheria ya madhara ya kawaida, ambako Sheria ya Ukomo wa Madai dhidi ya Serikali humpa mdai, kwa kawaida, miezi 12 tu ya kufungua shauri lake. Kwa dhara ambalo elimu yenyewe huhitaji miaka ishirini kulitambua, miezi 12 ni sawa na kufungiwa mlango.

Nje ya mlango wa jeshi uko mlango wa Inua Jamii, mpango wa serikali ambao humpa mlemavu mwenye hali ngumu shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama wa Siakago mwenye mtoto wa mgongo wazi hununua kwa fedha hizo mipira ya mkojo, nepi na nauli ya hospitali. Na kwa kuwa upasuaji wa watoto hawa ni kazi ya mabingwa wachache, walioko hasa Nairobi na Kijabe, safari moja tu huweza kula posho ya miezi. Sisemi haya ili kuidharau Inua Jamii, ambayo imeokoa wengi; nasema kwamba kipimo chake hakikukatwa kwa mwili wa mtoto wa namna hii.

Hapa hujitokeza pingamizi lenye uzito kuliko mengine yote, nami sitaki kulipita haraka. Msomaji mwenye huruma atauliza: ikiwa watoto wawili wamezaliwa Siakago katika wiki moja, wote wana mgongo wazi, mmoja baba yake ni askari mstaafu, na wa pili baba yake ni mkulima wa muguka aliyebeba pampu ya dawa mgongoni pasipo glavu wala kinga ya uso, kuna insafu gani ya kumpa wa kwanza na kumnyima wa pili? Swali hili limewafanya wengine wakatae kabisa malipo maalumu ya watoto wa askari, wakitaka kila mlemavu apewe kwa kipimo cha haja yake peke yake. Naukubali moyo wa hoja hiyo, lakini siukubali mwisho wake. Dola ina dhima mbili zilizo mbali mbali. Dhima ya kwanza ni ya hifadhi: kwamba hakuna mtoto wa nchi hii atakayeachwa kwa sababu mwili wake umeumbwa kwa udhaifu, na hiyo humhusu mtoto wa mkulima sawasawa na wa askari. Dhima ya pili ni ya fidia: kwamba aliyemwamuru mtu aende mahali penye hatari, akamnyima uhuru wa kukataa, atalipa madhara yatokanayo, na hiyo humhusu mtoto wa askari kwa kuwa baba au mama yake alikuwa chini ya amri. Mkulima hakuamriwa, lakini naye, dawa aliyonyunyiza iliruhusiwa nchini na mamlaka ya serikali, na kwa hiyo upo wakati ambapo dhima ya pili humgusa pia, kama ilivyowagusa watu wa Owino Uhuru. Kuzichanganya dhima hizi mbili huwadhuru watoto wote wawili, kwa maana serikali isiyotaka kulipa fidia hujificha nyuma ya hifadhi, ikisema imekwisha kuwapa wote. Na isiyotaka kutoa hifadhi hujificha nyuma ya fidia, ikimwambia kila mama alete ithibati ya sababu.

Pingamizi la pili ni la gharama, nalo hujibika kwa ufupi. Watoto wenye mgongo wazi au ulemavu mwingine wa kuzaliwa waliotokana na wazazi askari hawawezi kuwa wengi kiasi cha kuitikisa hazina, na gharama ya kuwatunza ipo hata sasa, ila imebebwa na mama aliyeacha shamba na dada aliyeacha shule. Sheria haiuumbi mzigo huo. Huuhamisha kutoka bega lisiloweza hadi bega linaloweza.

Kwa hiyo, kama ningeombwa kutaja yanayopaswa kufanywa, ningeyataja manne. Kwanza, Sheria ya Wanajeshi Wastaafu irekebishwe, iongezwe jedwali la maradhi ya uzao, na iseme wazi kwamba aliyetumikia mahali na wakati uliotangazwa kuwa wa hatari atadhaniwa kuwa aliguswa, na mtoto aliyetungwa baada ya hapo atalipwa isipokuwa serikali yenyewe ithibitishe sababu nyingine. Kanuni hiyo iwe moja kwa mtoto wa baba na mtoto wa mama, tusije tukairithi kasoro ya Wamarekani. Pili, jeshi liweke daftari la mahali, siku na vitu vilivyotumika, na daftari hilo lifunguliwe kwa wahusika chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ili Hanslope Park nyingine isipatikane katika ardhi yetu. Tatu, ukomo wa miezi 12 usihesabiwe dhidi ya mtoto kwa dhara la kuzaliwa nalo, mpaka chanzo chake kiwe kimeweza kujulikana. Nne, na hili ni la watoto wote, posho ya ulemavu mzito ipimwe kwa gharama halisi ya kuishi na ulemavu wenyewe, na kila hospitali ya kaunti, kuanzia zile za Embu na Meru, iandike watoto wanaozaliwa na kasoro pamoja na kazi za wazazi wao wawili, kwani bila ya hesabu za kundi hakuna jopo la wataalamu litakalokuwa na cha kupima.

Yote haya yanategemea kukubali jambo moja, kwamba shaka ni mzigo na kila mzigo una mwenyewe. Yako maswali ambayo elimu haitayajibu katika maisha ya mtoto aliyezaliwa leo, na wakati wa kungoja jawabu mtu fulani atakuwa analipa. Kumwachia mtoto shaka hiyo ni kumlipisha deni la safari ambayo hakusafiri. Kuitwika dola ni haki, maana dola ndiyo iliyochagua vita, ndiyo iliyochagua dawa, na ndiyo iliyoshika kalamu ya daftari. Na kama itaona kwamba mzigo huu ni mzito mno, dawa yake iko mkononi mwake: isimpeleke mtu penye sumu, na ikiwa haina budi kumpeleka, iandike jina lake, mahali pake na siku yake, kwa maana katika kuandika huko ndimo inamoanzia haki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.